Dada Aliyeandikwa Mtoro

Gauni lilikuwa la Winnie, na lilitakiwa kabla ya Jumamosi. Hester alilitandaza juu ya ubao, akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akanyunyiza, kisha akaipitisha pasi kwenye kola polepole, maana kitambaa laini kama kile kikiungua hakina dawa. Alikuwa na miaka themanini. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu theluji ya mwaka uliopita, kwa hiyo alipiga pasi huku ameegemea kiti, na kila baada ya dakika chache alibadilisha mguu. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vyuma, kwenye barabara kuu ya Kelbrook, na hita haikuwashwa mpaka Novemba kwa amri ya mwenye nyumba. Joto lote la humo ndani lilitoka kwenye ile pasi.

Gazeti la mji lilikuwa mezani, chini ya sufuria ya viazi. Alikuwa ameshalisoma mara nne kwa kidole. Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa, mji ungewatambua kwa mara ya kwanza watoto maskini walioletwa kwa meli na Nyumba ya Watoto ya Uingereza miaka ile, wakagawiwa mashambani na majikoni kufanya kazi. Majina yangesomwa. Walio hai wangeitika wenyewe, na waliokufa wangeitikiwa na wajukuu. Mgeni wa heshima: Bi Winifred Embury, mwalimu mstaafu wa piano, aliyeletwa akiwa na miaka mitano. Yalikuwa majina thelathini na moja. La Hester halikuwamo.

Tuseme ukweli hapa hapa. Kama jina la Winnie, huyo huyo Winifred, lisingekuwa juu ya ile orodha, Hester angefungia maganda ya viazi lile gazeti akalitupa. Miaka sabini hakumwambia mtu kwamba alikuja kwa meli ile. Kelbrook ukiitwa mtoto wa Nyumba umetukanwa. Walisema watoto wale ni wezi, wana damu mbaya, wanakojoa vitandani. Hata mumewe Cliff alikufa akiamini kwamba mkewe ni mzaliwa wa Toronto. Lakini Winnie? Winnie ambaye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, leo ndiye awe sura ya waliokamua? Wivu ulimkaba Hester mpaka akasahau pasi juu ya mkono wa gauni, akaiondoa ikiwa imebaki kidogo tu iache alama. Kusema kweli, sehemu fulani ya moyo wake ilisikitika kwamba alama haikutokea.

Winnie alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Hilo nalo Kelbrook nzima haikulijua.

*

Alhamisi alishuka ngazi, hatua moja moja, akaenda maktaba, ambako kamati ilikuwa imepewa meza. Mwenyekiti alikuwa Lyall Sproule, mwenye shamba kubwa kuliko yote upande wa mtoni, mtu wa miaka hamsini mwenye sauti ya upole.

"Bibi Hester, karibu. Umeniletea shati langu?"

"Shati kesho. Nimekuja kwa habari ya orodha."

"Kuna mtu wako humo?"

"Mimi mwenyewe."

Lyall alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akavuta kiti akamkalisha. Mbele yake kulikuwa na faili nene la nakala zilizotoka Uingereza, kwenye makabati ya hiyo Nyumba ya Watoto.

"Jina la kwenu?"

"Pruett. Hester Pruett. Meli ya mwezi wa tano, mwaka ishirini na moja."

Akafungua, akateremsha kidole. Kidole kikasimama. "Upo," alisema, na Hester akasogea aone. "Hester Pruett, miaka kumi. Alipelekwa kwa Wesley Sproule." Akakohoa. "Huyu ni babu yangu."

"Namjua babu yako."

"Lakini Bibi, hapa pameandikwa kwamba ulitoroka. Agosti, mwaka ishirini na tatu. Alitoroka, hakupatikana."

"Sikutoroka popote. Babu yako aliniazima kwa ndugu yake Amos, msimu wa mavuno. Aliniambia wiki mbili. Nikakaa miaka sita."

"Uliazimwa."

"Kama mnavyoazimana plau. Halafu akawaandikia watu wa Nyumba kwamba nimetoroka, wamletee msichana mwingine bure. Wakamletea. Nyie mkawa na wasichana wawili, na huko Uingereza wanajua mnaye mmoja."

Lyall aliliangalia faili kama mtu anayetafuta ukurasa mwingine wenye habari njema zaidi. Hakuukuta.

"Sisemi wewe muongo, Bibi. Sithubutu. Ila bibi yangu alikuwa akisimulia habari ya msichana huyo mpaka machozi yanamtoka. Alisema walimnunulia viatu vipya, akatoroka navyo."

"Viatu vilikuwa vyangu. Nilivivaa kwenda kwa Amos. Babu yako ndiye aliyeendesha gari la farasi."

"Wote waliokuwepo wamekufa."

"Mimi sijafa."

Alifunga faili, akaweka viganja viwili juu yake. "Nikueleze tulivyokubaliana kwenye kamati. Watakaosomwa ni waliomaliza mkataba wao wa kazi. Watoro tumewaacha. Si kwa ubaya. Kuna familia nyingi zilizowalea hawa watoto, nazo zinakuja, na ndizo zilizotoa kibao cha shaba cha kumbukumbu tutakachokifunua siku hiyo. Hatutaki siku ya shukrani igeuke siku ya kesi. Lakini nitakufanyia hivi. Niletee mtu mmoja tu aliyekujua wakati ule, aandike kwa mkono wake kwamba ulikuwa kwa Amos wala hukutoroka. Nitakusoma pamoja na wenzako. Sina kinyongo mimi."

"Mtu mmoja."

"Mmoja tu, Bibi." Alimsindikiza hadi mlangoni akimshika kiwiko. "Na lile shati, kola usiitie wanga mwingi. Inanichuna shingo."

*

Mtu huyo alikuwepo mmoja tu duniani, na Hester alijua hivyo kabla hajafika chini ya ngazi za maktaba.

Ndani ya meli, wasichana wakubwa waliwafundisha wadogo maisha. Mkifika kule, walisema, mtapangwa mstari, na mabibi watakuja kuchagua. Wakisikia mko ndugu hawachukui hata mmoja, maana hakuna atakaye midomo miwili ya kulisha. Kwa hiyo kanusheni. Atakayechukuliwa kwanza atamwombea mwenzake baadaye. Hester alilishika fundisho lile kama sala. Asubuhi ya kuchaguliwa alizilowanisha nywele za Winnie, akazichana, akamfuta kamasi kwa upindo wa sketi yake, akamwambia acheke meno yaonekane. Bibi Embury, mke wa mwenye duka la dawa, akasimama mbele yao na kofia yake yenye manyoya. Akamuuliza Hester, huyu ni ndugu yako? Hester akasema hapana. Akamuuliza tena, maana mtoto alikuwa ameng'ang'ania sketi. Hester akasema hapana, simjui, amenizoea tu kwenye meli.

Winnie akachukuliwa awe mtoto wa watu, na hata kwenye daftari la Nyumba akaandikwa Embury. Hester alikuwa mkubwa mno kuwa mtoto. Akachukuliwa jioni ile ile awe mikono ya kazi. Miaka mitatu baadaye, siku moja ya Jumapili, alitembea maili kumi na moja kutoka kwa Amos hadi nyumba ya Embury, akagonga mlango wa nyuma. Bibi Embury alifungua, akamsikiliza, akampa kipande cha keki kwenye karatasi, akamwambia asirudi tena kumvuruga mtoto. Dirisha la juu lilikuwa wazi na piano ilikuwa ikipigwa, wimbo wa mtu anayejifunza, unakosewa na kurudiwa. Kisha ikanyamaza, na uso mdogo ukatokea dirishani ukamtazama. Hester alikula keki njiani. Mpaka leo hajui kilichomuuma zaidi siku ile, kufukuzwa au ile piano.

*

Ijumaa alilipeleka gauni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama alivyoingia tangu mwaka thelathini na nane, alipoanza kuwafulia akina Embury. Winnie alikuwa jikoni amevaa sweta nyepesi ya sufu nzuri, anasoma hotuba yake kwa sauti. Paka alikuwa amelala pembeni ya jiko. Hata paka alikuwa na mto wake.

"Liweke pale kwenye kiti, Hester. Asante. Kola umeifanya vizuri."

"Winnie."

Hakuna mtu aliyemwita Bi Embury hivyo. Karatasi za hotuba zilishuka taratibu mpaka mezani.

"Nani amekuruhusu uniite hivyo?"

"Mama yetu. Ndiye aliyekuwa anakuita hivyo."

Friji ilinguruma, ikatulia. "Funga mlango," Winnie alisema, "baridi inaingia."

Hester akafunga. Hakuambiwa akae, akakaa. Akayasema yote mfululizo, kabla ujasiri haujamwishia: faili, babu wa Lyall, neno lile alitoroka. "Nataka mistari miwili tu. Andika kwamba mwaka ishirini na nne nilikuja hapa nikitokea kwa Amos Sproule. Ulikuwa dirishani. Uliniona."

"Nilikuona," Winnie alisema.

Hester alikuwa amejiandaa kukanwa. Hakuwa amejiandaa kwa hili. "Unakumbuka."

"Nilikuona, nikamuuliza Mama Embury ni nani yule. Akasema mfanyakazi wa shamba aliyepotea njia. Nilijua si kweli. Na ulipokuja na kapu la kufulia, Jumatatu ya kwanza, nilikujua kabla hujavua kitambaa cha kichwa."

"Miaka hamsini na mitatu unanijua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikufulie chupi."

Winnie alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, ingawa haikuwa chafu. "Wewe hukutaka kusema, na mimi sikutaka kusema. Nilidhani tumeelewana."

"Tumeelewana nini? Mimi nilinyamaza kwa kuwa niliambiwa nitakuharibia. Wewe ulinyamaza kwa kuwa ulikuwa umeshiba."

"Wewe ndiye uliyesema mimi si wako." Sauti ya Winnie haikupanda, ilikuwa sauti ile ile ya kumsahihisha mwanafunzi. "Mama alinieleza, nilipokuwa mkubwa. Alikuuliza mara mbili. Angetuchukua wote wawili, Hester. Alikuwa anatafuta na msichana wa jikoni. Angekuchukua."

Hester aliuangalia mto wa paka. Miaka sabini aliamini kwamba alimwachilia mdogo wake ili apate nyumba. Kumbe alijifungia nje mwenyewe kwa mdomo wake, na mlango ulikuwa wazi.

"Wasichana wa kwenye meli walisema tukijulikana ndugu hawatuchukui."

"Basi walisema kweli kwa upande wangu. Nilichukuliwa."

"Nilikuonea wivu," Hester alisema. Lilimtoka bila kupanga. "Kila siku ya Mungu. Viatu vyako, kitanda chako, jina lako kwenye gazeti ukipiga piano kwenye harusi za watu. Hata ulipougua surua nilikuonea wivu, kwa sababu uliitiwa daktari. Mimi niliugua nikalala na ndama. Sitaki kitu chako chochote sasa. Nataka wanisome jina. Mara moja. Uandike."

Winnie akachukua kalamu. Aliishika kabisa, akavuta karatasi tupu, na Hester akaona vidole vile virefu visivyo na kovu vikisogea kuanza. Kisha kalamu ikalala chini.

"Nikiandika, Lyall ataniuliza nilijuaje. Nikisema ni dada yangu, mji mzima utauliza alikuwa anaingia kwangu kwa mlango gani."

"Watauliza."

"Nina miaka sabini na mitano. Watoto wote wa mji huu wamekaa kwenye kile kiti cha piano, na baadaye wakaniletea watoto wao. Hicho ndicho nilicho nacho, Hester. Sina mume, sina mtoto. Wewe ulikuwa na Cliff."

Ilimchukua Hester muda kuelewa kwamba Winnie naye alikuwa anamwonea wivu. Hakupata raha yoyote kwa kulijua hilo. Mtu amekuwa kwenye karamu siku nzima, halafu anatazama ganda la mkate la mwenzake, nalo analitaka.

"Kwa hiyo huandiki."

"Njoo Jumamosi. Nitamwambia Lyall akutengee kiti cha mbele. Kama mgeni wangu." Alisimama, akaenda kabatini, akarudi na chupa ya jamu ya plamu. "Shika. Ya mwaka huu."

Hester alitaka kuikataa, lakini mikono yake ilikuwa imezoea kupokea vitu kwenye mlango ule, ikapokea. Asubuhi aliipaka kwenye mkate. Ilikuwa tamu, na utamu wake ulimuudhi mpaka akaila yote.

*

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Kiti cha mbele hakikutengwa. Ama Winnie alisahau kusema, ama Lyall alisahau kusikia. Hester alipata nafasi safu ya nne, karibu na Verna wa duka la mikate, mwanamke mnene mwenye moyo mwema ambaye alimpisha kwa kusogeza mkoba wake. Jukwaani kulikuwa na maua ya njano, bendera mbili, na kile kibao cha shaba kimefunikwa kitambaa. Winnie alikaa katikati, amevaa glavu nyeupe.

Lyall alianza kusoma. Majina yalifuatana kwa alfabeti, na kwa kila jina sauti iliitika, nyingine ya mzee, nyingi za vijana waliowaitikia marehemu wao. Hester hakutegemea kitu. Alijiambia hivyo tangu alipofunga kifungo cha kwanza cha koti lake. Lakini herufi ya Pruett ilipokaribia, alishika ukingo wa kiti.

"Albert Prior."

"Yupo," akaitika mjukuu.

Lyall akavuta pumzi, akameza mate, akageuza ukurasa. "Edith Quigley."

Nafasi ilikuwa hapo, kati ya Prior na Quigley, ndogo kiasi cha mtu kugeuza karatasi. Hester aliisikia peke yake.

Kisha Winnie akahutubia. Alisimama wima, hakuhitaji kusoma. Alisema alifika katika nchi hii peke yake, mtoto wa miaka mitano asiye na mtu, na kwamba mwanamke mmoja mwenye kofia ya manyoya alimtazama akamfanya wake. Alisema anasimama pale kwa niaba ya wote ambao hawakubahatika. Hapo sauti yake ikakatika kweli, si ya kuigiza, na watu wakatoa vitambaa. Verna alilia waziwazi. "Maskini," alimnong'oneza Hester, "ametoka mbali yule mama. Peke yake, hebu fikiria."

Hester aliwaza. Alimwonea Winnie wivu hata kwa machozi yale, maana yeye hakuwa nayo, na kama angekuwa nayo asingekuwa na mahali pa kuyatolea.

Makofi yalipotulia, Lyall alirudi kwenye kipaza sauti. "Sasa, ndugu zangu, tusiwasahau waliofungua milango. Bila familia za mji huu, watoto hawa wangekuwa wapi? Nikiitaja familia, naomba wasimame tuwapongeze." Akaita ya kwanza, akaita ya pili. Watu walisimama wakiona haya kidogo, wakapigiwa makofi, wakaketi. "Na mniwie radhi kwa kujisemea," akatabasamu, "familia ya Sproule. Mashamba mawili, la Wesley na la Amos. Watoto saba waliopata nyumba."

Safu nzima mbele ya Hester ikasimama, wake, waume, vijana warefu wenye shingo nyekundu. Hester naye akasimama.

Alisimama kwa shida, akiwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele. Hakuwa amekusudia. Ila miaka yake minane ilikuwa kwenye mashamba yale mawili, na katika orodha zote zilizosomwa ukumbini humo, hakuna jina jingine ambalo ndani yake aliwahi kulala, kula na kupigwa.

"Kaa chini, mpenzi," Verna alimvuta koti taratibu. "Wanaitwa wenye mashamba."

"Nimesikia," Hester alisema, wala hakukaa.

Makofi yalianza, yakakolea. Lyall alimwona kutoka jukwaani. Uso wake ulibadilika mara mbili, halafu akachagua kutabasamu, akanyoosha mkono kumwelekea kama mtu anayemkaribisha mgeni. Watu wakapiga makofi zaidi kwa ajili ya yule mzee wa watu aliyejikongoja kuinuka. Jukwaani Winnie naye alikuwa akipiga, glavu kwa glavu, macho yameelekea kwenye maua.

Mpiga picha wa gazeti akapiga goti kwenye ujia. "Bibi," aliita, jicho limeshabana nyuma ya kamera, "sogea kidogo karibu na familia yako, nisikukate."

Kijana mmoja wa Sproule akamshika mkono akampisha katikati yao, naye Hester akasogea.